Gari likinuka petroli, tafuta saa kabla ya kutafuta spea

Gari zima halinuki petroli. Naanza hapo kwa sababu madereva wengi tumezoeshwa kinyume chake: gari limetoka Japani likiwa na umri wa miaka kumi na kitu, limepita mikononi mwa watu wawili watatu, basi kunuka kidogo ni sehemu ya uzee wake. Mtu ananunua kikopo cha manukato, anakibandika kwenye dashibodi, anashusha kioo, safari inaendelea. Watoto wakilalamika kichwa kila wakishuka shuleni, hakuna anayehusisha maumivu hayo na kiti cha nyuma walichokalia.

Mfumo wa petroli wa gari lenye nozeli umefungwa kuanzia kwenye kifuniko cha tangi hadi ndani ya silinda. Hata mvuke haukuachiwa njia: unanaswa kwenye kanista yenye mkaa, unavutwa na injini, unachomwa. Kwa hiyo ukisikia harufu dakika chache baada ya kutoka sheli, usihangaike, hiyo ni ya hewani na ya mikononi mwa kijana aliyekujazia. Ukiisikia kesho yake asubuhi, kuna mahali pamefunguka.

Mahali hapo si pa kusubiri mwisho wa mwezi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unashuka, unatambaa, unajikusanya kwenye shimo la gereji, kwenye buti, chini ya kapeti. Ukishafika asilimia 1.4 ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha, na gari lina vyanzo vya cheche kila upande: stata, feni ya redieta, waya wa plagi uliochoka, swichi ya taa. Hata usipowaka, si hewa ya kuvuta kila siku. Petroli ina benzini, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kuna jambo moja la pua ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Inazoea. Ukikaa ndani ya gari robo saa, harufu inapungua puani mwako wewe tu, lakini gari halijapona. Mpe mtu ambaye hajapanda gari hilo leo afungue mlango asubuhi, kisha amini anachokwambia.

Neno langu kuu katika mwongozo huu ni hili: usiende kwa fundi na malalamiko, nenda na saa. Ukisema "fundi, gari linanuka petroli", umempa kazi ya kubahatisha, na gharama ya kubahatisha ni yako. Atabadilisha filta, litaendelea kunuka. Atabadilisha pampu, litaendelea kunuka. Ukimwambia "fundi, linanuka asubuhi likiwa baridi, likipata moto harufu inakata", umeshampeleka karibu na ugonjwa kabla hajashika spana. Chukua siku mbili tatu, kama harufu si kali, uandike: inakuja lini, ukiwa wapi ndani ya gari, tangi lina kiasi gani, kiyoyozi kimewashwa au la, umesimama au unatembea.

Nimesema kama harufu si kali. Ikiwa imekuja ghafla na kwa nguvu, au unaona matone chini ya gari, hakuna cha kuandika. Egesha pembeni mbali na watu na mbali na vibanda vya chipsi na mahindi ya kuchoma, zima injini, shukeni wote, na usiipige stati tena hata kwa kujaribu. Usikimbilie kuchomoa betri wakati petroli inavuja, maana kuchomoa terminali ndiko kunakozaa cheche. Watanzania tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019: lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na ilielezwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekuwa akihangaika na betri ya lori hilo moto ulipolipuka. Walifariki watu zaidi ya 100. Gari lako dogo lina lita 40 tu, lakini mvuke haubagui. Kaa mbali, piga simu ya Zimamoto, 114 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya, na mtungi wa unga ulionao kwenye gari uwe mkononi badala ya kuwa chini ya kiti umezungukwa na mifuko. Maji usimwage, petroli huelea juu yake na kusafiri nayo.

Sasa tuzisome saa.

Linanuka baada ya kujaza tangi

Hii ndiyo inayoongoza kwenye barabara zetu, na sababu yake mara nyingi ni sisi wenyewe. Bomba la sheli likijikata lenyewe, tangi limefika kiwango chake. Nafasi inayobaki juu si ya kupunjwa. Imeachwa makusudi ili petroli ipate pa kutanuka. Petroli hutanuka takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 45 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi, zikapanda nyuzi 15 gari likiwa juani, zinaongezeka zaidi ya nusu lita. Lakini sisi tunataka hesabu iwe elfu hamsini kamili, tunamwambia kijana aongeze, anabonyeza mara ya pili, ya tatu, wengine wanatikisa gari ili petroli ishuke vizuri hadi shingoni. Nusu lita hiyo itakwenda wapi? Itapanda kwenye njia ya mvuke na kuingia kwenye kanista.

Kanista imejazwa mkaa ulioandaliwa mahususi kunasa mvuke. Petroli ya majimaji haiwezi. Ikilowa, mkaa unashiba, unaanza kumeguka, na chembe zake nyeusi zinasafiri hadi kwenye vali ya kuvutia mvuke, ile ambayo mafundi wengi huiita solenoidi, na kuiziba au kuizuia isifunge. Dalili zake zinajulikana: gari likitoka sheli linakataa kuwaka, ukikanyaga mafuta kidogo linawaka kwa kukohoa, likitulia linatetemeka, na upande ilipo kanista kunanuka. Kwenye magari mengi ya zamani kanista iko chini ya boneti, kwenye mengi ya karibuni iko nyuma, jirani na tangi. Kuijaribu solenoidi si kazi ngumu. Injini ikiwa imezimwa, ichomoe, ipulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi. Isiyo na umeme haipaswi kupitisha hewa. Ikipitisha, imekufa.

Kanista iliyolowa ninashauri ibadilishwe. Wako wanaoianika juani na kuirudisha, na harufu hupungua kwa wiki kadhaa, lakini mkaa ulioanza kumeguka haujirudi. Unaponunua iliyotumika, iwe Ilala au Kirinyaga Road, inyanyue na uinuse. Iliyo nzito na yenye harufu kali ya petroli mbichi iache hapohapo, itakuletea ugonjwa uleule unaoukimbia. Na kuanzia siku hiyo, bomba likijikata mara ya kwanza, mwambie kijana inatosha.

Kabla ya kanista, hata hivyo, mtazame yule wa bei ndogo: kifuniko cha tangi. Raba yake hukauka, hupasuka vinyufa, au kifuniko cha asili kilipotea na sasa kuna kingine kinachofanana. Kifunge hadi kilie "kra kra". Kisipolia, au ukipitisha kidole kwenye raba ukakuta imekuwa ngumu na ina mfereji, badilisha. Usitegemee taa ya injini ikwambie. Magari yaliyoundwa kwa soko la Marekani hujipima uvujaji wa mvuke na kutoa msimbo kama P0455 au P0457. Mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoendesha, yatanuka mwaka mzima na taa ikabaki imezima.

Kuna harufu nyingine inayokuja tangi likijaa na kutoweka likifika nusu. Hapo petroli inavuja juu ya tangi au shingoni. Kwenye gari ndogo nyingi, Vitz na IST zikiwemo, pampu imo ndani ya tangi, na njia ya kuifikia iko chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti, utaona kifuniko cha bati au plastiki kilichogandishwa kwa gundi nyeusi. Kibandue. Kama umewahi kubadilisha pampu au kurekebisha geji ya mafuta, weka mashaka yako yote hapa. Pampu imekaa kwenye tangi juu ya raba ya duara, na raba hiyo mara nyingi hurudishwa ileile baada ya kutanuka kwa petroli, ikalazimishwa, ikajikunja upande mmoja. Juu yake kuna mipira na viungio vya plastiki vyenye klipu ndogo ambazo huvunjika wakati wa kuvuta. Kama kuna vumbi lililoloa, au duara lililooshwa safi katikati ya vumbi kavu, umeshapata. Raba mpya, klipu nzima, na kile kifuniko cha juu kirudishwe na gundi yake, kwa sababu ndicho kinachotenganisha mvuke na abiria wa kiti cha nyuma. Nimeona magari mengi ambayo kifuniko hicho kimeachwa kikielea chini ya kapeti baada ya matengenezo. Hapo hata tone dogo tu linaingia kabini moja kwa moja.

Upande wa shingo, ile njia inayotoka mdomo wa kujazia hadi kwenye tangi, adui ni kutu. Gari lililoishi Hokkaido limepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Likija kuishi Tanga, Unguja au Mombasa linakutana na chumvi ya bahari. Bomba la shingo liko nyuma ya tairi, linapigwa na matope na mawe, na kutu hulila kwa juu ambako huoni bila kufungua kinga ya plastiki ndani ya banda la tairi. Shingo iliyotoboka haichomelewi, inabadilishwa.

Linanuka asubuhi, likipata moto harufu inakata

Nenda moja kwa moja kwenye nozeli. Kila nozeli imefungwa kwa oringi juu, kwenye bomba linalozigawia petroli, na raba nyingine chini. Oringi ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki. Injini ikiwa baridi inasinyaa na kuachia petroli kidogo. Injini ikipata joto inatanuka na kuziba. Ndiyo maana ukifika gereji saa nne, gari limeshapata moto, fundi anafungua boneti, hanusi kitu, na wewe unaonekana mtu wa kulalamika. Liache gari gereji usiku, aliwashe yeye mwenyewe asubuhi.

Shinikizo la petroli hapo si la mzaha. Injini ndogo za Toyota kama 1NZ na 2NZ husukuma kati ya psi 44 na 50, zaidi ya upepo wa tairi la gari hilohilo. Kwa hiyo mpasuko mdogo hautoi tone, hutoa mnyunyizo mwembamba unaopotea hewani kabla hujauona, jirani na ekzosi yenye moto. Ukiona eneo la kuzunguka nozeli limeoshwa, bati linang'aa wakati kila kitu kingine kina vumbi na oili, usiendeshe gari hilo kwenda gereji. Mlete fundi lilipo.

Oringi zinabadilishwa zote kwa pamoja. Bei yake ni ndogo na kazi ya kuzifikia ni ileile, hakuna maana ya kubadilisha moja na kuziacha tatu za umri uleule. Ziwe za petroli. Oringi za maji zinazouzwa kwenye maduka ya mabomba zinafanana kwa macho, lakini petroli huzivimbisha na kuzioza. Zilainishwe kwa petroli safi au oili nyepesi kabla ya kusukumwa, la sivyo zinakatika ukingo wakati wa kuingia. Na gundi ya gasketi, ile ya tyubu, haina kazi kwenye petroli. Inalainika, inachubuka, vipande vinaingia kwenye nozeli.

Linanuka ukiwa umesimama kwenye foleni

Gari likitembea, upepo unachukua mvuke. Likisimama, mvuke unabebwa juu na hewa ya moto ya injini na kuingia kwenye tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, kisha feni ya kabini inakuletea usoni. Jaribio ni rahisi: bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kama harufu inapungua ukikibonyeza na kurudi ukiachia, chanzo kiko chini ya boneti. Kama haibadiliki, angalia nyuma, tangi na buti.

Chini ya boneti, tazama mipira kabla ya vyuma. Mpira unaotoka kwenye bomba la bodi kwenda kwenye injini hukakamaa kwa joto, na ukiukunja taratibu unaona nyufa. Hapa ndipo pana kosa ambalo linaniudhi kuliko yote katika gereji zetu: mpira wa petroli kubadilishwa kwa mpira wowote unaoingia. Mpira wa maji, mpira wa upepo, mpira wa dizeli wa zamani. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake. Mpira wa gari la kabureta huandikwa SAE J30R7. Wa gari la nozeli uwe J30R9, kwa sababu umetengenezwa kuvumilia shinikizo kubwa. Ukitumbukizwa ndani ya tangi, hata huo R9 haufai, unahitajika J30R10. Na klipu ziwe zile zinazobana duara lote bila meno ya kukata mpira. Waya wa kufungia si klipu.

Kwenye injini za kizazi cha 5A na 7A, zile za Carina na Corolla za miaka ya 1990, kuna kirekebisha shinikizo mwishoni mwa bomba la nozeli, chenye mpira mwembamba wa kuvuta upepo. Injini ikiwa imezimwa, chomoa mpira huo. Ukikuta petroli ndani yake, ngozi ya kirekebishaji imepasuka, petroli inanyonywa na injini bila kipimo, na gari linakunywa huku linatoa moshi mweusi. Hakitengenezwi.

Mwenye Noah au Voxy ya miaka ya 2000 yenye injini ya D-4, wewe nikuombe jambo moja tu: usifungue chochote mwenyewe. Baada ya pampu ya shinikizo kubwa, petroli ya injini hiyo iko kwenye shinikizo la bari 80 hadi 130, na mnyunyizo wake unatoboa ngozi. Ila jambo la kukagua lipo na unaliweza. Chomoa stiki ya oili, inuse. Sili ya pampu ikichoka, petroli inashuka kwenye oili, kiwango kinapanda badala ya kushuka, na oili inakuwa nyepesi kama maji ya chai. Ukikuta hivyo, zima gari, usiliendeshe, maana beringi za injini zinasagika. Oili ibadilishwe baada ya pampu kutengenezwa, si kabla.

Linanuka kwenye ekzosi

Hapa petroli haivuji, haiungui. Plagi moja imekufa, koili imechoka, nozeli haifungi vizuri na inadondosha, au sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi siku nzima. Utasikia injini inaruka, utaona moshi mweusi, utaona mafuta yanakwisha haraka. Chomoa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda zake. Iliyo nyeusi au iliyolowa peke yake inakuonyesha silinda yenye tatizo.

Kama plagi zote ni nzuri na rangi yake ni ya kahawia, uliza swali ambalo wenye magari wengi hawapendi kuulizwa: masega yapo? Kutoa masega kwenye ekzosi kumekuwa biashara, mwenye gari anaambiwa gari litakuwa jepesi, na wanunuzi wa masega wanajua kwa nini wanayataka, kwani ndani yana platinamu na paladiamu. Kazi ya masega ni kumalizia kuchoma petroli iliyobaki. Yakitolewa, petroli hiyo inatoka nyuma ikiwa mbichi, na ukirudi kinyumenyume au ukiegesha upepo ukikupiga, inaingia ndani pamoja na gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu kabisa. Tiba ni kurudisha masega na kuziba mlango wa buti ambao raba yake imelegea.

Linanuka lilipoegeshwa, hata bila kuwashwa

Mimina akili yako kwenye tangi na mabomba ya chini. Tandika maboksi makavu chini ya gari usiku, asubuhi angalia. Petroli ikidondoka hukauka haraka, lakini huacha duara lenye ukingo kwenye karatasi ya boksi. Kwenye bomba la chuma tafuta sehemu ambazo klipu za bodi zinashika, maana matope hujificha hapo na kutu huanzia hapo. Matuta yetu na mawe ya barabara za vumbi hulipiga tangi lenyewe.

Tangi likitoboka njiani, kuna dawa ya wazee inayofanya kazi kweli: sabuni ya mche. Ipondeponde, isugue na kuikandamiza kwenye tundu hadi izibe. Petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi, kwa hiyo inashikilia ukafika. Ni ya kufika, si ya kukaa nayo. Maji yakiigusa, inakwenda.

Kulichomelea tangi napinga kwa nguvu zangu zote. Watu hudhani likimwagwa petroli limekuwa salama, kumbe tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke uliochanganyika na hewa, tayari kwa cheche. Kuosha mara moja kwa sabuni hakutoshi. Petroli imejificha kwenye kutu na kwenye mikunjo. Tafuta tangi jingine. La plastiki ndiyo kabisa, halina mjadala.

Buti nalo usilisahau. Dumu la petroli la akiba, hata likiwa limefungwa, hupumua juani. Msumeno wa mnyororo, jenereta ndogo, chupa ya thina ya kupaka rangi: vyote hivyo vimewahi kulaumiwa kuwa ni ugonjwa wa gari. Toa kila kitu, ulaze gari usiku, kisha unuse tena kabla ya kumlipa mtu.

Kutafuta na kufunga bila kuungua

Fanya kazi nje, penye upepo, si juu ya shimo. Sigara na jiko vikae mbali, na simu uiweke pembeni. Tumia tochi uliyoiwasha kabla ya kusogea, wala si taa ya waya yenye globu, maana globu ikianguka na kuvunjika juu ya petroli, imekwisha. Futa viungio vyote kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo utafute palipolowa. Karatasi nyeupe ya tishu inaonyesha unyevu ambao jicho haliuoni. Fahamu pia kuwa Toyota nyingi haziamshi pampu kwa kufungua swichi tu. Husubiri stata izunguke. Kwa hiyo mtu mmoja apige stati, mwingine aangalie akiwa amesimama pembeni, si akiwa ameinamia injini.

Kabla ya kuchomoa mpira wowote, toa shinikizo. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini iende hadi ijizime yenyewe kwa kukosa petroli, piga stati mara moja tena, kisha zima swichi. Subiri injini ipoe. Ndipo ufungue terminali hasi ya betri, mvuke ukiwa haujatanda. Hata hapo bomba litabaki na petroli kidogo, basi lizungushie kitambaa unapolegeza na uweke chombo cha chuma chini. Vaa miwani. Vitambaa vilivyolowa visitupwe kwenye pipa wala kufuliwa na nguo. Vianikwe nje, mbali na jiko, hadi vikauke.

Ukimaliza, usilipe kwa harufu ya siku hiyo, kwa sababu gereji nzima inanuka petroli. Jaza tangi hadi bomba lijikate, funga vioo vyote, lilaze gari. Asubuhi mwite yule mtu wa pua mpya afungue mlango.

Ikiwa petroli ilimwagika kwenye kapeti, harufu itabaki hata baada ya kuziba kila kitu, na usiichukulie kuwa uvujaji umerudi. Fungua milango yote, nyonya majimaji kwa kitambaa au maranda ya mbao bila kusugua. Mashine ya kufyonzea vumbi usiiguse, mota yake ina cheche. Kisha ng'oa kapeti, maana sponji ya chini yake ndiyo inayohifadhi petroli, ioshwe kwa sabuni ya maji na ianikwe juani siku kadhaa hadi ikauke kabisa. Ikirudi ndani, weka sinia la mkaa mkavu uliopondwa sakafuni usiku kucha na vioo vimefungwa, badilisha mkaa kila baada ya siku mbili, na mkaa uliotumika usiurudishe jikoni.